Jinsi ya Kukusanya Saini na Barua za Watawala na Majenerali wa Zamani Bila Kuuziwa Mbuzi Kwenye Gunia

Ujumbe ninaoletewa unafanana. Mtu kapiga picha ya barua ya zamani, kaikuza pale penye saini tu, na chini kaandika: "Nimeshalipa. Ni ya kweli?" Swali hilo lingeulizwa siku mbili kabla lingekuwa na faida.

Kosa lenyewe nalo ni lile lile. Mnunuzi huchukua saini aliyoiona mtandaoni, akailinganisha na ile anayouziwa, akaona mikunjo inafanana, akatoa pesa. Lakini umbo la saini ndicho kitu ambacho mghushi amekifanyia mazoezi kuliko kingine chochote. Anakoanguka ni kwingineko: tarehe, mahali, karatasi, wino, namna barua ilivyokunjwa, cheo ambacho mhusika alikuwa bado hajapewa. Ndiyo maana katika mwongozo huu saini yenyewe tutaitazama mwisho kabisa.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Havihitaji mtaji mkubwa, ila usianze bila hivi:

- Lenzi ya kukuza mara 10, ile wanayotumia masonara.
- Taa ya mwanga wa urujuanimno (UV) ya nanomita 365. Zile za nanomita 395 hutoa mwanga mwingi wa zambarau unaoficha unachokitafuta.
- Tochi ndogo yenye mwanga mkali, na rula yenye milimita.
- Penseli laini. Kalamu ya wino isikaribie meza yenye hati.
- Mifuko ya poliesta, majalada ya karatasi isiyo na asidi, na sanduku la kuhifadhia.
- Kifaa cha kupima joto na unyevu.
- Folda katika kompyuta kwa ajili ya sampuli za mwandiko, na daftari.

Glovu nyeupe za pamba usinunue. Zinapendeza kwenye picha, lakini vidole hupoteza hisia na ncha ya karatasi kavu huchanika kirahisi. Kwa karatasi, mikono iliyooshwa na kukaushwa vizuri inatosha. Glovu za nitrili ziweke kwa ajili ya picha, kwa sababu jasho la kidole huacha doa lisilotoka.

## Hatua ya 1: Chagua uwanja mwembamba

Anayetaka "watu wote mashuhuri" hatamjua hata mmoja. Ujuzi wa kazi hii ni kuuzoea mkono wa mtu mmoja, au wa kikundi kidogo, mpaka barua ya uongo ikukere kabla hujajua sababu.

Chagua ofisi moja, vita moja, au watu wa meza moja. Mfano mzuri ni mamarshali wa Napoleon, yaani majenerali wake wa cheo cha juu kabisa: walikuwa 26 tu, orodha ina mwanzo na mwisho, na walisaini amri, vyeti na barua kwa miaka mingi. Berthier, aliyekuwa waziri wa vita kisha mnadhimu mkuu wa jeshi, alipitisha karatasi nyingi mno mikononi mwake, hivyo saini yake ni rahisi kupatikana kuliko ya marshali aliyeshinda siku nzima juu ya farasi.

Usianze na Washington, Lincoln wala Napoleon mwenyewe. Hao ndio wanaoghushiwa zaidi, kwa sababu hapo ndipo penye pesa. Robert Spring alikuwa akitengeneza karatasi za Washington katika karne ya 19, na Joseph Cosey akamfanyia Lincoln vivyo hivyo katika karne ya 20. Kazi zao bado zinazunguka. Waziri, admirali wa daraja la pili au gavana hana mghushi wa kumhangaikia.

Umefaulu ukiweza kusema kwa sentensi moja unakusanya nani, wa miaka ipi, na hukusanyi nini.

## Hatua ya 2: Jifunze vifupisho vya katalogi

Katalogi za minada hutumia herufi chache, na tofauti ya herufi moja ni tofauti kubwa ya thamani. ALS ni barua ambayo mhusika aliiandika yote kwa mkono wake na kuisaini. LS iliandikwa na karani, mhusika akaweka saini tu. TLS ni barua ya taipu iliyosainiwa. DS ni hati iliyosainiwa, mfano cheti cha cheo au kibali. SP ni picha yenye saini.

Watu wengi huudharau mwandiko wa karani, na hapo wanakosea. Napoleon alikuwa na mwandiko mbovu na alizoea kuwaamuru makarani waandike, kwa hiyo barua zake nyingi halisi ni LS. Ukiletewa barua ndefu aliyoiandika yote mwenyewe, tena kwa mwandiko unaosomeka, shaka ianzie hapo.

Angalia pia saini iliyokatwa. Zamani wakusanyaji walikuwa wakikata saini kwenye barua na kuibandika kwenye albamu, na wakitupa kilichobaki. Kipande hicho hakina tarehe, hakina mahali, hakina maneno, yaani kila kitu ambacho kingekusaidia kukihakiki kimeondolewa. Mwanzoni viache.

## Hatua ya 3: Tengeneza kabati la sampuli

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo yenye uzito kuliko zote. Kusanya sampuli zisizopungua 20 za mtu mmoja, ukizipanga kwa mwaka. Zitoe kwenye hifadhi za nyaraka, usizichukue kwa wauzaji. Maktaba ya Bunge la Marekani imeweka mtandaoni karatasi za Washington na za Lincoln, tena bure. Kwa Wafaransa, anzia Gallica, hazina ya kidijitali ya Maktaba ya Taifa ya Ufaransa.

Kwa nini nisisitize hifadhi? Mwaka 1983 jarida la Stern la Ujerumani lilitangaza kwamba limepata shajara za Hitler. Wataalamu wa mwandiko walikuwa wamelinganisha kurasa na sampuli walizopewa, wakasema mkono ni mmoja. Na kweli mkono ulikuwa mmoja: baadhi ya sampuli hizo nazo zilikuwa zimeghushiwa na mtu yule yule, Konrad Kujau. Wewe ukilinganisha barua ya muuzaji na picha ya muuzaji mwenzake, unafanya jambo hilo hilo.

Kisha chora jedwali la majina. Watu hawa walibadilisha saini kila walipopanda cheo au kubadili jina, na mabadiliko hayo yana tarehe. Haya ni mepesi kukariri:

Napoleon. Alisaini "Buonaparte" mpaka 1796, kisha akaiondoa herufi u na kuwa "Bonaparte". Alipotangazwa mfalme mkuu Mei 1804 akahamia jina lake la kwanza, "Napoleon", ambalo baadaye alilifupisha kuwa "Nap", "Np" au "N" tu.

Wellington, jenerali wa Uingereza. Alianza akiwa "Wesley". Familia ilibadili jina kuwa "Wellesley" mwaka 1798. "Wellington" haikuwapo kabla ya Septemba 1809.

Nelson, admirali wa Uingereza. Alipoteza mkono wa kulia kisiwani Tenerife, Julai 1797. Kabla ya hapo mwandiko wake unalala kuelekea kulia. Baadaye, kwa mkono wa kushoto, unasimama wima na herufi zinaachana. Saini nayo ilibadilika: "Bronte Nelson" alipopewa udyuki wa Bronte mwaka 1799, na "Nelson & Bronte" kuanzia 1801 hadi kifo chake Oktoba 1805.

Lincoln. Kwenye barua aliandika "A. Lincoln". Jina kamili, "Abraham Lincoln", aliliweka kwenye hati rasmi kama vyeti vya vyeo. Ukiona "Abe", rudisha.

Kalenda nayo iingie kwenye jedwali. Barua za Wafaransa za miaka ya 1793 hadi 1805 zina tarehe za kalenda ya mapinduzi, Germinal (jina la mwezi) mwaka wa 4 na kadhalika, na hiyo kalenda ilifutwa tarehe 1 Januari 1806. Barua ya kijeshi ya mwaka wa 5 yenye saini "Napoleon" haihitaji lenzi. Imejikaanga kwa mafuta yake.

Umefaulu pale mtu akikutajia mwaka, nawe ukamwambia mhusika alisaini vipi mwaka huo bila kufungua folda.

## Hatua ya 4: Jua nani alishika kalamu

Si kila saini isiyo ya mhusika ni ya kughushi. Nyingine ziliwekwa kihalali kabisa na mtu mwingine, na hizi huwaponza wanunuzi waaminifu wanaonunua kwa wauzaji waaminifu.

*Makatibu.* Louis wa 14 wa Ufaransa alikuwa na katibu, Toussaint Rose, ambaye kazi yake ilikuwa kuandika kwa mwandiko wa mfalme. Nchini Marekani, sheria ya Machi 1833 iliruhusu katibu asaini hati za ardhi kwa niaba ya rais. Ndiyo maana hati ya ardhi yenye jina la Van Buren, Lincoln au Grant chini yake kwa kawaida haikuguswa na rais huyo. Nimeshaona watu wenye hati tatu za namna hiyo kwenye fremu za dhahabu.

*Alama za utawala.* Tughra, yaani nembo yenye jina la sultani wa Dola ya Osmania, ni nzuri mno, lakini ilichorwa na ofisa wa divani (baraza la serikali), na sultani mwenyewe hakuichora. Inunue kwa uzuri wake na kwa hati iliyoibeba. Usiilipie kama mwandiko wa sultani.

*Mihuri ya saini.* Andrew Johnson aliumia mkono kabla ya urais na hati zake nyingi akiwa rais zilipigwa muhuri wa saini. Muhuri huacha wino mzito ukingoni na mwepesi katikati, na hakuna mchubuko wa kalamu.

*Otopeni.* Hii ni mashine inayoshika kalamu halisi na kuandika saini kwa kufuata kiolezo. Ofisi ya Kennedy iliitumia sana. Wino ni wa kweli, kwa hiyo lenzi peke yake haikuokoi. Angalia mstari wenye unene ule ule mwanzo mpaka mwisho, nukta pale kalamu ilipotua na pale ilipoinuliwa, na mtikisiko mdogo kwenye mistari iliyonyooka. Kisha iweke picha yake juu ya sampuli ya otopeni inayojulikana. Zikilaliana sawasawa, ni mashine. Binadamu hawezi kurudia saini yake bila tofauti hata ya unywele.

*Nakala za kuchapwa.* Hapa ndipo penye vilio. Amri ya siku ya Jenerali Eisenhower wa Marekani ya Juni 1944, inayowaambia wanajeshi kwamba macho ya dunia yako kwao, iligawiwa kwa askari wapatao 175,000 ikiwa na saini iliyochapwa. Mfalme George wa 5 aliwaandikia wanajeshi wa Marekani mwaka 1918 barua inayoonekana ya mkono. Nayo ilichapwa. Barua ya Lincoln ya rambirambi kwa mama Bixby ya Novemba 1864 haijulikani asili yake iko wapi, lakini nakala zake za kuchapwa zimejaa, na kila mwenye moja anaamini ndiyo yenyewe.

Nami nimepita humo. Niliwahi kununua barua fupi ya Churchill ya kushukuru kwa salamu za siku ya kuzaliwa, mwandiko mtupu, saini safi. Ilikaa ukutani miezi minane kabla sijaipitisha chini ya lenzi. Hakuna mahali wino ulipopanda juu ya wino, hakuna mfereji wa kalamu, na nyuma ya karatasi kulikuwa laini kama kioo. Aliyeniuzia hakunidanganya. Yeye pia aliamini.

## Hatua ya 5: Mhoji muuzaji kabla ya kugusa pesa

Uliza kwa maandishi, upate majibu kwa maandishi:

1. Hati imetoka wapi, na kabla ya hapo ilikuwa kwa nani? Jina la mnada wa zamani na namba ya kitu katika katalogi ni jibu. "Ilikuwa ya familia moja" si jibu.
2. Utarudisha pesa zote ikithibitika si halisi, hata baada ya miaka? Muuzaji makini hakubali kikomo cha siku 14 kwenye jambo la uhalisia.
3. Naomba picha ya nyuma, ya kingo zote, na ya karatasi ikiwa mbele ya mwanga.
4. Imewahi kutengenezwa, kuoshwa au kubandikwa?

Cheti cha uhalisia ni karatasi tu. Thamani yake ni ya mtu aliyekisaini na uwezo wake wa kukurudishia pesa. Mghushi anayeweza kutengeneza Lincoln hashindwi kutengeneza cheti.

Swali la kwanza ni zito kuliko vipimo vyote vya maabara. Mark Hofmann, wa Salt Lake City, alitengeneza wino wake mwenyewe, akauzeesha, na hati zake zikapita kwa wataalamu wakubwa mpaka mabomu aliyoyatega mwaka 1985 yalipoua watu wawili na kumfichua. Baadaye ndipo ilipoonekana chini ya darubini kwamba wino wake ulikuwa na nyufa kama ngozi ya mamba. Kilichokuwa wazi tangu mwanzo ni kwamba kila mara alikuwa yeye tu aliyezipata hati hizo, na kabla yake hakuna aliyewahi kuziona.

Halafu kuna hati halisi ambazo ni za wizi. Barry Landau alikamatwa Baltimore mwaka 2011 akiiba kwenye hifadhi ya nyaraka, na nyumbani kwake zikapatikana maelfu. Kwa hiyo tafuta pembeni alama ya muhuri iliyosuguliwa, namba ya penseli iliyofutwa, ukingo mmoja uliokatwa upya wakati mingine mitatu ni mikuukuu. Nchi nyingi pia huhesabu kumbukumbu za ofisi ya umma kuwa mali ya serikali hata baada ya miaka 200, na zinaweza kudaiwa kutoka kwako bila fidia. Barua ambayo kiongozi alimwandikia mtu binafsi haina tatizo hilo. Ripoti aliyoiandikia wizara yake ndiyo ya kuuliza ilitokaje wizarani.

Onyo: muuzaji akikukimbiza, kwamba kuna mwingine anaitaka leo leo, mwachie huyo mwingine.

## Hatua ya 6: Ichunguze mezani, saini iwe ya mwisho

Fuata mpangilio huu bila kuruka. Ukianza na saini, macho yako yataipenda, na kila utakachokiona baada ya hapo utakitafutia udhuru.

Soma maneno kwanza. Chukua mfano. Unaletewa barua ya Nelson, "Nelson & Bronte", mwandiko wima wa mkono wa kushoto, imeandikwa melini Victory, tarehe 20 Juni 1803. Saini inakubaliana na mwaka. Mkono unakubaliana na mwaka. Meli ni ile ile anayoitaja kila mtu. Lakini Nelson aliondoka Uingereza na Victory mwezi Mei, akaiacha baada ya siku chache na kuhamia meli nyingine, Amphion, ili awahi Mediterania, na Victory haikumfikia mpaka mwisho wa Julai. Tarehe 20 Juni alikuwa Amphion. Barua imeanguka na hujawasha hata tochi. Kwa watu wa aina hii barua zao nyingi zimechapishwa, kwa hiyo unaweza kujua siku fulani walilala wapi. Tumia nafasi hiyo.

Mikunjo na anwani. Kabla ya miaka ya 1840 bahasha zilikuwa chache, maana Uingereza, kwa mfano, posta ilihesabu kila karatasi na bahasha ililipiwa kama karatasi ya pili. Barua ilikunjwa, anwani ikaandikwa mgongoni, ikafungwa kwa lakiri. Tafuta mabaki ya lakiri na tundu lililochanika ilipofunguliwa. Zisipokuwapo si hukumu, kwani barua ingeweza kutumwa ndani ya nyingine, lakini iandike kwenye daftari.

Karatasi mbele ya mwanga. Karatasi za zamani huonyesha mistari ya waya wa kichungio kilichotumika kuzitengeneza. Karatasi laini isiyo na mistari hiyo ilianza miaka ya 1750, hivyo barua ya 1700 kwenye karatasi ya namna hiyo haiwezekani. Tafuta alama ya maji, yaani mchoro au maandishi ndani ya karatasi yanayoonekana mbele ya mwanga. Kuanzia 1794 watengenezaji wengi wa Uingereza waliweka mwaka ndani ya alama hiyo. Ukikuta 1806 ndani ya barua ya 1803, funga jalada.

Urujuanimno gizani. Zima taa za chumba. Karatasi iking'aa buluu nyeupe kama shati lililofuliwa, ina kemikali za kung'arisha, ambazo hazikuwa za kawaida kwenye karatasi kabla ya miaka ya 1950. Kipimo hiki ndicho kilichosaidia kuzibomoa zile shajara za Hitler. Lakini kinakata upande mmoja tu. Karatasi isiyong'aa haijathibitishwa kuwa ya zamani, kwa sababu waghushi huchana kurasa tupu za vitabu vikuukuu. Wino wa kale uliotengenezwa kwa chuma na uvimbe wa mti wa mwaloni utauona mweusi tii, na maandishi yaliyofutwa wakati mwingine huibuka.

Lenzi kwenye wino. Tafuta mahali mstari wa wino unapokatiza mkunjo wa karatasi. Barua halisi iliandikwa kwanza, ikakunjwa baadaye, kwa hiyo mkunjo umevunja wino uliokwisha kauka. Wino ukiwa umeingia ndani ya mkunjo na kutawanyika kama mizizi, karatasi ilikuwa imeshazeeka kabla ya kuandikwa. Hapa ndipo karatasi za vitabu vikuukuu zinapowaumbua wenye kuzitumia. Kisha laza tochi karibu na uso wa karatasi. Kalamu ya chuma, iliyoenea miaka ya 1830, huacha mifereji miwili myembamba kandokando ya mstari. Ya unyoya huteleza. Wino wa kalamu ya mpira (bolpeni, ile yenye kigololi nchani), ulioanza kuuzwa Marekani mwishoni mwa 1945, hung'aa na una vidonge vidonge. Roosevelt alifariki Aprili mwaka huo, kwa hiyo picha yake yenye saini ya kalamu ya mpira ni kichekesho, na zipo zinazouzwa.

Saini, hatimaye. Usitazame umbo, tazama mwendo. Mtu aliyesaini jina lake mara elfu huandika haraka. Mistari huanza na kuisha kwa ncha iliyochongoka, wino hufifia pale mkono ulipokimbia. Mghushi huchora. Ncha ni butu, kalamu imesimama katikati ya herufi kutafakari, na pengine mstari umerudiwa kurekebishwa. Igeuze juu chini uitazame. Jina likishatoweka, kigugumizi hubaki peke yake.

Umefaulu ukiwa na ukurasa mmoja wa daftari wenye maelezo sita, na unaweza kusema lipi limekubali, lipi limekataa, lipi halikujibika. Likikataa moja kweli kweli, usipige kura kwa kuhesabu matano yaliyokubali.

## Hatua ya 7: Kununua

Mnadani, bei ya nyundo, yaani ile ya mwisho kutajwa, si bei utakayolipa. Kuna ada ya mnunuzi juu yake, kuna kodi, kuna bima ya usafirishaji. Andika kikomo chako kikiwa na hayo yote, ukiandike kabla mnada haujaanza. Hati ikivuka mpaka, uliza kibali cha kutoa vitu vya kale kabla hujatoa zabuni, maana nchi nyingi huzuia nyaraka zenye thamani ya kihistoria kutoka.

Jambo moja dogo linalosahaulika: kuimiliki barua si kumiliki maneno yake. Haki ya kuyachapisha inaweza kuwa bado ya warithi wa mwandishi.

## Hatua ya 8: Hifadhi

Barua iliyovuka miaka 200 inaweza kuharibiwa na ukuta wa sebule kwa miaka mitano. Wino hupauka kwa mwanga na haurudi. Ukitaka kuitazama kila siku, tundika nakala nzuri ya rangi, yenyewe ilale sandukuni.

Weka kila hati kwenye mfuko wake wa poliesta ulio wazi upande mmoja au miwili, nyuma yake kuwe na karatasi isiyo na asidi. Mifuko ya PVC, ile laini yenye harufu, hutoa kemikali na kunata kwenye wino. Laminesheni ni kuizika hati ikiwa hai. Gundi ya karatasi, selotepu hasa, huacha doa la kahawia linalopenya mpaka upande wa pili. Wino ukiwa unamenyuka, usitumie mfuko wa poliesta, kwani umeme tuli wake utaung'oa. Tumia jalada la karatasi.

Unyevu uwe kati ya asilimia 35 na 50, joto lisizidi nyuzi 21 kama unaweza. Kuyumba ndiko kunakoua zaidi, kwa hiyo chumba cha katikati ya nyumba kinashinda dari na kinashinda ghala la chini. Wino wa chuma ukikutana na maji huanza kula karatasi, na herufi hudondoka zikiacha matundu yenye umbo lake. Kwa hiyo usijaribu kuosha, kupiga pasi wala kunyoosha kwa mvuke. Palipochanika hushughulikiwa na fundi wa kuhifadhi nyaraka kwa karatasi nyembamba ya Kijapani na uji wa wanga wa ngano, ambao unaweza kuondolewa baadaye bila kudhuru.

Kila baada ya miezi mitatu fungua sanduku. Unatafuta vumbi la unga kwenye kona, vijidudu vya rangi ya fedha vinavyokimbia, na harufu ya uvundo.

## Hatua ya 9: Daftari la mali

Kila hati ipate namba, lakini usiiandike juu ya hati. Iandike kwa penseli kwenye jalada. Ndani ya daftari weka namba hiyo, jina, tarehe ya barua, aina yake (ALS, LS na kadhalika), vipimo kwa milimita, alama ya maji, maneno ya kwanza na ya mwisho ya barua, ulinunua kwa nani na lini, na ule ukurasa wa uchunguzi wa hatua ya 6. Risiti, bahasha ya mnada na mawasiliano yote na muuzaji vikae kwenye jalada la pembeni, visitupwe. Piga picha mbele, nyuma na mbele ya mwanga, na nakala moja ya picha hizo ikae nje ya nyumba.

Zile ulizogundua kuwa za uongo nazo zipe namba na maelezo, kwenye sanduku lao, zimeandikwa wazi kwenye jalada kwamba ni za kughushi au za kuchapwa. Usiziuze na usizichome. Ile barua yangu ya Churchill iko humo, namba 4, na ndiyo ninayoitoa kwanza mtu akija kujifunza kutumia lenzi.